Vita Vinavyoogopa Mvua

Kule Muheto, katika milima ya Masisi, mtu aliyetaka mbegu ya viazi alikuwa na milango mingi ya kubisha. Lakini aliyetaka habari za vita vya zamani alielekezwa mlango mmoja tu, wa Papa Viateur, tena alishauriwa aende akiwa ameshiba, maana hadithi ya pale haikuwa na njia ya mkato.

Papa Viateur mwenyewe hakuwa na umbo la vita. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye shingo ndefu na sauti kubwa kuliko kifua kilichoitoa. Alilima viazi na maharagi, alikuwa mume wa Mama Claudette, na watoto wake walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa, wakatawanyika mpaka Sake na Goma. Vita alivyokuwa navyo alivirithi. Ukutani mwa sebule yake, kando ya picha ya Bikira Maria, ulitundikwa upinde wa babu yake Ngabo. Kamba ya upinde ililiwa na panya zamani, lakini mgeni akiutazama tu, hata kwa bahati mbaya, alikuwa amejitakia.

"Unaona ule upinde?" Papa Viateur alikuwa akianza, huku anavuta kiti. "Njo ule ulifukuzaka batu ya Walikale mupaka ku muto."

Hadithi ilikuwa hivi. Siku za mababu, wawindaji wa msituni, upande wa Walikale, walimchoma nguruwe pori kwa mkuki. Nguruwe akakimbia na mkuki mwilini, akapanda milima, akaja kukata roho katikati ya shamba la watu wa Ngabo. Wenye shamba wakaona Mungu amewaletea nyama mpaka nyumbani. Wakamchuna, wakamla. Wawindaji walipofika, wakifuata damu na mbwa wao wenye njuga, walikuta mifupa, na watu wanaochokonoa meno. Hapo vita vikazaliwa. Nguruwe ni wa yule aliyemchoma, ao ni wa shamba alilofia? Swali hilo lilipiganiwa mwaka baada ya mwaka. Lakini, na hapa Papa Viateur aliinua kidole, lilipiganiwa wakati wa kiangazi tu.

"Juu ya nini kiangazi?" alijiuliza mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwuliza. "Juu mvua ikinyesha, kamba ya upinde inalegea kama utumbo ya mbuzi. Sumu inatiririka ku mushale, inaisha. Mulima inateleza, muto inajaa. Na bamama banaita: maharagi itapandwa na nani? Tone ya kwanza ya mwezi ya tisa, banaume banafunga pinde, kila mutu ku shamba yake! Vita ya zamani ilikuwa na adabu. Vita inaogopaka mvua."

Mama Claudette aliisikia hadithi hiyo tangu alipokuwa bibi arusi. Alijua mahali mumewe atakapokohoa na mahali atakapoomba maji, na maji alikuwa akiyaleta kabla hayajaombwa, ili mambo yaende upesi.

Basi mwaka mmoja, mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimekaza kabisa, habari mbaya zilianza kupanda mlima. Waendesha pikipiki walizileta: kuna mapigano, yanasogea, vijiji vya bondeni vimekwisha kuwa vitupu. Watu wa Muheto wakaanza kufunga magodoro. Papa Viateur alikaa barazani, mguu juu ya mguu, akawatazama kama mtu mzima anavyotazama watoto wanaoogopa kivuli.

Wa kwanza kumwendea alikuwa Evode, katekista, mtu mpole aliyependa kuamini. Alikuja na sufuria yake kichwani, shuka limefungwa mgongoni.

"Papa Viateur, tukimbie ao tubakie?"

"Evode, inua macho. Unaona nini?"

Evode akainua macho. Maji yakamwingia puani. "Mawingu."

"Njo jibu yako. Rudi, weka sufuria ku moto."

Evode akarudi kwake, akafungua mzigo, akaweka sufuria motoni. Maharagi hayajachemka akasikia habari nyingine, akayamwaga, akafunga mzigo upya, akaja tena mbio. Papa Viateur akamwonyesha tena mawingu, naye akarudi tena. Mkewe Evode alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, akimtazama mumewe anavyopita kwenda na kurudi katika matope, na alichokuwa anakisema hakimo katika katekisimu.

Nyumbani kwa Papa Viateur, Mama Claudette alikuwa akifunga.

"Claudette, unafunga nini?"

"Ninafunga yenye inafungika."

"Lakini vita haiwezi kuya mu mvua hii!"

"Balishaiambia?"

"Nani?"

"Vita. Balishaiambia ile habari yako?"

Papa Viateur akaomba chakula. Wakakaa kula. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka mtu hasikii anavyotafuna. Ndipo ng'ambo ya kilima ukasikika mlio.

"Radi," akasema Papa Viateur.

Ukasikika tena, safari hii mfululizo.

"Radi gani inasemaka tatatata?" akauliza Mama Claudette, akiwa amekwisha simama.

"Iko radi ya mbali."

Kitu kikapita juu ya paa kikivuma, kikaangukia migomba ya jirani, na mgomba mmoja mzima ukalala chini pamoja na ndizi zake. Papa Viateur aliutazama ule mgomba. Kisha, bila kuaga hadithi yake, akaruka. Katika kuruka huko alishika vitu vilivyokuwa karibu na mkono, akavivaa na kuvibeba, akatoka. Walipofika chini ya mlima, ambako alifika kwa matako zaidi kuliko kwa miguu, ndipo aliponyooka na kujitazama. Alikuwa na upinde usio na kamba begani, na miguuni amevaa mabuti mawili, yote ya mguu wa kushoto: moja lake, na moja la mkewe. Jembe, chumvi na blanketi nzito vilibaki nyumbani. Mama Claudette, aliyebeba godoro, sufuria, unga na kuku, alimtazama miguuni, akatikisa kichwa, akaendelea kutembea.

Barabarani iliwabidi wajilaze ndani ya mtaro pamoja na watu wengine, kwa sababu msururu wa wenye bunduki ulikuwa unapita. Mvua ilinyesha kama inayomwagwa. Wote waliinamisha vichwa na kunong'ona sala. Papa Viateur peke yake aliinua shingo yake ndefu juu ya majani, akaganda hivyo, mdomo wazi.

"Claudette," akanong'ona. "Banavaa makoti ya mvua."

"Inamisha kichwa."

"Kila mutu na yake! Iko na kofia mupaka hapa! Na mabuti, kushoto na kuume!"

"Viateur, utatuuwisha!"

Akainamisha kichwa, lakini moyo wake haukuinama. Alijisikia kama mtu aliyecheza karata maisha yake yote kwa sheria moja, kisha akagundua kwamba wenzake walibadilisha sheria zamani wala hawakumwambia. "Makoti ya mvua," alirudia njiani kutwa nzima, kila mara buti la mkewe lilipomchoma kidole. "Hii si vita. Hii iko ujambazi."

Wakafika Lushebere, kwenye kambi ya watu waliokimbia kama wao. Wakapewa turubai na fito, wakajenga kibanda chini ya mteremko, mahali penye nafasi, ambapo maji yote ya kambi yalipapenda pia. Evode na familia yake wakafika baadaye, wazima, bila sufuria. Papa Viateur alimwendea mikono wazi kumshukuru Mungu pamoja naye. Evode akampita kama mti. Jumapili iliyofuata, padri akiwa hayupo, katekista ndiye aliyehubiri, na alihubiri kwa kirefu juu ya manabii wa uongo. Kila aliposema "nabii" alimtazama mtu mmoja tu, mpaka watu wa viti vya mbele wakawa wanageuka nyuma kumwona ni nani.

Jirani wa Papa Viateur pale kambini alikuwa mtu wa Walikale, Papa Benoît. Alikuwa mfupi, mpana wa kifua, mkulima wa mihogo na mwindaji, aliyesema polepole kana kwamba kila neno analitoa mtegoni. Mkewe, Mama Françoise, alikuwa amekwisha fanya urafiki na Mama Claudette kabla fito hazijasimama. Wanawake hao walikuwa na mbabula moja tu, jiko la makaa la kupikia, wakaiweka katikati ya vibanda viwili, na shauri lao likaisha hapo. Shauri la wanaume lilianza hapo.

Kati ya vibanda palikuwa na upenyo mwembamba ambao maji ya paa zote mbili yaliangukia. Papa Benoît alichimba mfereji kuyaelekeza upande wa bonde. Kwa bahati mbaya, upande wa bonde ndio uliokuwa mlangoni kwa Papa Viateur. Siku za kwanza waliambiana "pole, papa" na "hakuna shida, papa." Kisha siku moja Papa Benoît aliingia kuazima chumvi, akauona upinde.

"Ule upinde iko ya nani?"

Papa Viateur alihisi kama mtu aliyekaa na kiu akasikia mto. Tangu afike kambini hakupata hata msikilizaji mmoja, maana Evode alikuwa amekwisha mchafulia jina. Akavuta kidumu cha kukalia, akaanza mwanzo kabisa, kwenye nguruwe. Akasimulia mkuki, shamba, nyama, pinde, kiangazi, mvua, na jinsi watu wa msituni walivyofukuzwa mpaka mtoni. Papa Benoît alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa jicho. Kisha akasema, neno kwa neno:

"Kumbe ni ninyi mulikula nguruwe yetu."

Nje, Mama Claudette na Mama Françoise waliacha kukoroga.

"Babu yangu alituambiaka," akaendelea Papa Benoît. "Batu ya mulima balikula nguruwe, na siku ya vita, tone moja ya mvua tu, banakimbia. Banapanda mulima kama kuku yenye kunyeshewa."

"Kukimbia? Ninyi njo mulikimbia! Kamba ya upinde yenu ililegea!"

"Kamba yetu iko ya mumea ya musitu, hailegeake. Kwetu mvua inanyesha hata siku hainyeshe: majani inadondosha tu. Sisi tuogope mvua?"

"Sasa juu ya nini hamukutufuata?"

"Juu ya muto. Ilijaa."

"Unaona! Mvua!"

"Muto si mvua."

"Muto inatokaka wapi?"

"Muto inatokaka ku mulima," akasema Papa Benoît, akisimama. "Sawa vile wezi."

Akaenda zake na chumvi.

Tangu siku hiyo mfereji ukapata maana nyingine. Jua likitoka tu, Papa Viateur alishika jembe la kuazima akaugeuza mfereji uelekee kwa Walikale. Jua likifika katikati, Papa Benoît aliugeuza uelekee Masisi. Kati ya hayo walitupiana maneno: mmoja alikuwa mla nguruwe wa watu, mwenzake alikuwa mjukuu wa watu walioshindwa na mto. Siku za jua, waliokosa kazi waliambiana, "Twende tukatazame vita," wakaja na watoto wao, wakakaa kwenye mawe.

Lakini mvua ikinyesha, jambo la ajabu lilitokea. Mara ya kwanza ilikuwa dhoruba iliyoshuka ghafula. Upepo uliling'oa turubai la Papa Benoît pembe moja, likawa linapiga kama bawa la ndege mkubwa, naye mwenyewe alikuwa ameenda kutafuta kuni. Papa Viateur hakufikiri. Aliruka mfereji, akadaka pembe kwa mikono miwili, na upepo ulipozidi, akaiuma kwa meno. Papa Benoît aliporudi akikimbia, alimkuta adui yake ananing'inia kwenye turubai, miguu ya kushoto miwili ikitafuta ardhi. Akashika pembe ya pili. Wakashikilia hivyo mpaka mvua ikatulia, kisha wakabadilishana, wakaenda kulikaza na la Papa Viateur.

Baada ya hapo ikawa desturi, ingawa hakuna aliyeitangaza. Mvua ikianza, walikaa wote wanne ndani ya kibanda kimoja, kile ambacho hakikuvuja siku hiyo, wakizunguka mbabula. Walichoma mahindi. Waliongea habari za mashamba yao kwa upole, kama watu waliopeana binti. Papa Benoît alieleza jinsi muhogo unavyolowekwa kwao. Papa Viateur alieleza jinsi kiazi cha mlimani kinavyopasuka chenyewe kwa unga kikiiva. Kila mmoja alimwambia mwenzake, "Siku moja utaya kuonja." Mvua ikikata, walitazamana, wakakumbuka, wakatoka kutafuta jembe.

Mama Claudette na Mama Françoise wakawa wanayatazama mawingu kuliko mkulima yeyote wa wilaya ile.

"Ile kule inaleta kitu," alikuwa akisema mmoja asubuhi.

"Apana, inapita tu. Leo batachokozana."

Ikaja kuwa, baada ya Mwaka Mpya, mvua zikakata. Jua likawaka wiki hadi wiki, anga nyeupe, vumbi kambini. Vita vikakosa kifuniko. Maneno yalipanda kama maziwa motoni, mpaka siku moja, mbele ya foleni nzima ya bomba la maji, Papa Benoît akasema kwamba Ngabo hakuwa shujaa bali mpishi. Papa Viateur akajibu kwamba babu yake Benoît alikimbia haraka hata njuga za mbwa zikabaki nyuma zikilia zenyewe. Foleni ikapiga vigelegele. Ikaamuliwa, na hakuna ajuaye ni nani aliyeamua, kwamba jambo hilo limalizwe Jumapili baada ya ibada, mbele ya bomba, mwanaume kwa mwanaume.

Evode, ambaye alimchukia Papa Viateur lakini hakutaka afe kabla ya kutubu, aliomba mvua hadharani kanisani. Waumini wakaitika amina, wengine kwa shingo upande, maana walikuwa wamekwisha kuweka nafasi zao. Wakatoka nje. Anga lilikuwa safi kama sahani.

Watu walijaa. Mama mmoja alileta maandazi, yakaisha kabla vita havijaanza. Papa Viateur akaingia uwanjani na upinde usio na kamba begani, mabuti yote mawili miguuni. Papa Benoît akaingia kifua wazi. Wakazungukana mara moja, mara ya pili. Vumbi likapanda. Ukweli ni kwamba Papa Viateur maishani mwake hakuwahi kumpiga mtu, na jinsi Papa Benoît alivyoonekana kwa karibu, bila shati, hakukumtia hamu ya kuanza.

"Anza wewe," akasema.

"Anza wewe. Ninyi njo mulianzaka. Mulikula."

"Ninyi njo mulianzaka! Mulichoma!"

"Choma si kula!"

"Bila kuchoma tungekula nini?"

"Pigeni!" akapaza sauti mtu wa nyuma, aliyekosa andazi.

Papa Viateur akakunja ngumi. Papa Benoît akakunja zake, ambazo zilikuwa kubwa zaidi. Wakasogeleana hatua. Hapo ndipo umati ulipopasuka upande wa bomba, wakatokea Mama Claudette na Mama Françoise, kila mmoja na beseni lake la kufulia kichwani, limejaa. Hawakusema lolote. Walisimama sawasawa, mmoja nyuma ya huyu na mmoja nyuma ya yule, wakashusha mabeseni, wakayamwaga yote.

Yalikuwa maji mengi. Yalikuwa ya baridi, ya kijivu, na yalikuwa na soksi.

"Mvua inanyesha!" akaita Mama Claudette kwa sauti ambayo Muheto yote ingeisikia.

"Kila mutu ku shamba yake!" akaitika Mama Françoise.

Papa Benoît akalamba mdomo.

"Hii mvua," akasema polepole, "iko na sabuni."

Kambi ikaanguka. Watu walicheka wakishikana mabega. Evode alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakumbuka cheo chake akasimama, kisha akakaa tena. Papa Viateur, soksi imemning'inia sikioni, alijaribu kusimama na hasira yake.

"Claudette! Hii si mvua ya kweli!"

"Viateur," akasema mkewe, "miaka yote hii unanifundisha nini? Sheria ni gani?"

"Lakini..."

"Kamba ya upinde inalegea ao hailegee?"

Papa Viateur akaushusha upinde begani, akautazama. Palikuwa hapana kamba ya kulegea. Lakini alikuwa mtu wa kushika neno lake, na hadithi ile ilikuwa yake.

"Inalegea," akasema.

"Basi."

Akamgeukia Papa Benoît. "Jirani, mvua inanyesha."

"Ninaona," akasema Papa Benoît, akikamua ndevu.

Wakarudi pamoja. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na nguo moja tu ya maana, nguo zikaanikwa juu ya turubai, nao wakakaa ndani wamejifunga vitenge vya wake zao, Papa Viateur maua mekundu, Papa Benoît tausi. Mama Claudette akawasukumia mbabula. Kisha Papa Benoît, akitazama makaa, akauliza jambo ambalo katika maisha yote ya hadithi ile hakuna mgeni aliyewahi kuliuliza.

"Mu ile vita ya Ngabo, nani alikufa?"

Papa Viateur akaipitia hadithi yote kichwani, kutoka mkuki mpaka mto, akitafuta.

"Nguruwe," akasema.

"Nguruwe alikufa mbele vita ianze."

"Basi... kwetu, hakuna. Na kwenu?"

Papa Benoît naye akafikiri sana. "Kulikuwa imbwa moja," akasema mwishowe. "Lakini babu alisemaka ilikuwa muzee."

Papa Viateur ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani, kikampata Papa Benoît, wakacheka wote wawili mpaka tausi wakaanza kufunguka na ikabidi washikwe. Wakacheka wakafuta macho. Kisha kicheko kikaisha chenyewe, na walikuwa bado wanafuta macho.

"Mudogo wangu, Déo," akasema Papa Benoît. "Alibakia ku njia. Mwezi ya kumi. Mvua ilikuwa inamunyeshea, na hatukuweza hata kumufunika."

Papa Viateur alisogeza mbabula karibu na miguu ya mwenzake, akapuliza makaa mpaka yakashika. Huko nje watu walikuwa bado wanacheka kwenye bomba.

Mvua za kweli zilirudi, na mtu mwenye shamba karibu na kambi akawapa kipande cha mteremko walime kwa pamoja. Waligombania mistari ipandwe kwa mlalo ao kwa kushuka, waligombania mbegu, waligombania jina la mdudu aliyekula majani. Lakini maharagi yaliota. Watu wakaanza kuwaita kwenye arusi na matanga ya kambini, wote wawili pamoja, wasimulie vita vya nguruwe, kila mtu na upande wake, wakikatishana. Hata Evode alikuja kusikiliza. Alikaa nyuma, karibu na njia ya kutokea, endapo Papa Viateur angetabiri lolote.

Siku za kiangazi, habari zikaja kwamba njia ya Walikale imetulia kidogo. Mama Françoise akafunga mizigo. Papa Benoît akasema angoje kwanza maharagi yakauke. Yakakauka. Akasema angoje mguu upone, ingawa hakuna aliyeujua ugonjwa wa mguu huo. Akasema barabara ina vumbi sana.

"Kwenda," Papa Viateur akamwambia. "Mvua ikianza, pikipiki itamezwa na matope mupaka usukani. Utabakia hapa mwaka mwingine."

"Unanifukuza?"

"Ninakufukuza mupaka ku muto."

Wakashikana mikono muda mrefu. Mama Claudette na Mama Françoise waliiangalia ile mbabula, kila mmoja akimsukumia mwenzake, mpaka mwendesha pikipiki akapiga honi, ikabaki Lushebere. Kisha wakaondoka, Papa Benoît nyuma kabisa, amekumbatia gunia la maharagi na mbegu ya viazi vya mlimani, akitazama nyuma.

Kibanda chao kikachukuliwa na mjane kutoka Kashuga, Uwamwezi, mwanamke mtulivu mwenye watoto watulivu. Papa Viateur alingoja siku chache kwa heshima. Halafu asubuhi moja yenye jua zuri alitoka na jembe, akasimama kwenye mfereji, akakohoa.

"Mama, huu mufereji yako unaleta maji ku mulango yangu."

Uwamwezi akatoka, akatazama, akaweka mkono kifuani. "Pole sana, papa. Sikuona. Nitaugeuza sasa hivi."

Akainama, akaanza kuugeuza. Papa Viateur alimtazama. Mabega yake yalishuka.

"Wacha tu, mama," akasema. "Wacha. Si shida."

Ndani ya kibanda, Mama Claudette, aliyesikia yote, alimimina maji katika kikombe. Alimletea mumewe pale mlangoni, ingawa alikuwa hajaanza kusimulia chochote.

"Uwamwezi," akaita, "kuya, mwanangu, lete na batoto. Papa Viateur iko na hadithi. Mulishakula?"